Jinsi ya Kuunda Manowari Nyakunguru Pasipo Bahari

Nyakunguru kuna mahindi, mihogo, ng'ombe, vumbi la barabara ya Nyamongo na bodaboda kupita idadi ya abiria. Bahari hakuna. Mto Mara upo, lakini wenye mto ni mamba na viboko, na hawajaonyesha nia ya kuukodisha. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo manowari ya aina ya destroya ikitaka kuja Musoma itabidi ipande mlima.

Mtu wa hapa anayetaka manowari yake amebakiwa na njia moja tu: aiunde mwenyewe, ya plastiki, juu ya meza ya chakula, iwe ndogo kiasi cha kufunikwa na kawa mgeni akibisha hodi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Unamfaa mtu mzima mwenye akili timamu, aliyekwisha kulipa ada za watoto au anayejua kusema kwamba amelipa.

Hatua ya kwanza: Andaa maelezo

Kabla ya gundi, tafuta sababu. Tarime mtu mzima akikaa kimya mezani saa tatu, amekodoa macho, anakata vitu vidogo kwa wembe, majirani wana majibu matatu tu: anatengeneza redio, anagawa dhahabu, au anaroga. Kuunda destroya hakumo. Siku ya pili atakuja mzee wa ukoo, ataegemea fimbo yake mlangoni, atatazama.

"Mura, hii meli inabeba ng'ombe wangapi?"

"Haibebi ng'ombe, mzee. Ni ya vita."

"Vita vya nani na nani?"

"Wamarekani na Wajapani."

"Nani alimchukulia mwenzake ng'ombe?"

Hapo usibishane. Mwambie walikuwa wanagombea visiwa. Atauliza kama visiwa vile vina malisho, utajibu kwamba vingi havina, naye ataondoka akiwasikitikia Wamarekani na Wajapani kwa pamoja. Umeshinda duru ya kwanza.

Duru ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu ni ya kijana aliyesoma. Yeye atakuambia hii ni michezo ya Wazungu. Mjibu kwa historia, na historia iko upande wako. Meli kubwa za maziwa yetu zilikuja zikiwa vipande ndani ya maboksi. SS William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafunguliwa, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kisumu, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1900. Reli ilikuwa haijafika ziwani. Ilifika Desemba 1901. Maana yake ni kwamba sehemu ya mwisho ya safari vyuma vile vilitembea kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Hata MV Victoria, ambayo wazee wengi wa Mara wameipanda, iliundwa Uingereza na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961.

Akiendelea kubisha, mtolee Goetzen. Meli hiyo ya Wajerumani iliundwa na kiwanda cha Meyer huko Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa katika makasha 5,000, ikapakiwa melini hadi Dar es Salaam, kisha kwenye treni kwenda Kigoma. Mafundi watatu walitumwa pamoja na makasha hayo: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Februari 1915 ikashushwa Ziwa Tanganyika. Majina ya Wajerumani watatu tunayo. Ya vibarua waliobeba, waliopiga ribiti na waliovuta kamba hatunayo. Kwa hiyo kijana akisema Mwafrika hana asili ya kazi hii, mwambie babu zetu waliunganisha boksi kubwa kuliko yote yaliyowahi kuuzwa duniani, tena bila karatasi ya maelekezo.

Hatua ya pili: Chagua meli

Mchagua jembe si mkulima, lakini asiyechagua destroya ataishia na meli ya mizigo. Fahamu kwanza vipimo. Vinavyotumika sana ni viwili: 1:350 na 1:700. Mita 350 za meli halisi zinakuwa mita moja mezani kwako, au mita 700 zinakuwa mita moja. Kwa kuwa destroya nyingi za Vita vya Pili vya Dunia zilikuwa na urefu wa mita 105 hadi 120, utapata kitu cha sentimita 30 na ushei, au cha sentimita 15 hadi 17. Kwa nyumba ya vyumba viwili na watoto watano, chukua 1:700. Kwa nyumba ya vyumba vitatu na watoto watano, chukua 1:700.

Kipimo hicho kina faida nyingine. Mwaka 1971 viwanda vya Shizuoka, Japani, vikiwamo Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi, vilikubaliana kugawana meli na kuziuza zikiwa zimekatwa kwenye mstari wa maji. Sehemu ya chini haipo kabisa. Meli inakaa mezani kana kwamba meza ni bahari. Utauziwa nusu ya meli kwa bei ya meli nzima, na utashukuru, kwa sababu usiku utakuwa umepunguziwa kazi nusu.

Sasa chaguo lenyewe. Anayependa kwenda na wengi achukue Fletcher ya Wamarekani. Ziliundwa 175, zenye mizinga mitano ya milimita 127 na mirija kumi ya topido, na ukikosea hakuna atakayejua ulikusudia ipi kati ya hizo 175. Anayeamini bahati achukue Yukikaze ya Wajapani, iliyopita katika vita karibu vyote vikubwa vya Pasifiki ikatoka hai wakati dada zake wote wa aina ya Kagero walizama. Anayetaka Afrika, kuna destroya za Uingereza zilizopewa majina ya makabila. Zilikuwa 16, na sita kati yake zilibeba majina ya bara letu: Ashanti, Mashona, Matabele, Nubian, Somali na Zulu. Ashanti na Nubian zilimaliza vita zikielea. Nne nyingine zilizama. Zulu inapatikana dukani katika 1:350 kutoka kiwanda cha Trumpeter.

Kuna destroya ya saba ya kufikiria, nayo haina jina la kabila lolote: Petard. Tutairudia baadaye.

Hatua ya tatu: Pokea boksi

Duka la vitu hivi halipo Tarime, halipo Musoma. Utaagiza nje, na kwenye fomu mtumaji ataandika kwa herufi kubwa kwamba ndani mna manowari. Hili ni kosa la mtumaji lakini litakuwa tatizo lako. Mzigo wa manowari unaoelekea wilaya ya mpakani yenye mgodi wa dhahabu huamsha bidii ya kazi hata kwa ofisa aliyekuwa anasinzia. Jiandae kufungua boksi mbele ya watu. Jiandae kuonyesha mizinga. Akikuuliza kama inafyatua, usicheke. Ofisa anayechekwa huongeza ushuru.

Boksi likifika nyumbani, lifungue usiku. Ndani utakuta plastiki ya kijivu iliyoshikilia vipande kwenye fremu zake, kila kimoja na namba. Karatasi ya maelekezo yenye lugha nne ambazo huzijui. Na ukinunua nyongeza ya shaba, utakuta bati jembamba kama karatasi lililochongwa kwa asidi, lenye reli za sitaha, ngazi na antena za rada. Bati hili ndilo la hatari. Likimulikwa na tochi linang'aa, na Nyamongo kitu kinachong'aa mikononi mwa mtu anayefunga pazia kina jina moja tu. Kabla ya wiki kwisha utapata wabia wa biashara ambao hukuwaomba.

Hatua ya nne: Kusanya zana

Wembe. Wa kawaida, wa kunyolea. Funga upande mmoja kwa plasta, maana hii ni kazi ya mikono na utahitaji vidole vyote kumi hadi mwisho.

Kibano cha nyusi. Cha mkeo. Usikiombe, maana ukikiomba utaulizwa cha nini. Kiazime na kukirudisha kikiwa safi. Kikirudi na gundi, mwongozo huu haukujui.

Msasa wa maji, ule wanaotumia mafundi rangi wa magari. Namba 400 kwa kuanzia, 800 kwa kumalizia. Msasa wa mbao utakula daraja la nahodha kwa mpigo mmoja.

Gundi ya aina mbili. Ya kwanza ni gundi ya plastiki yenyewe: inayeyusha kidogo kingo mbili, zinashikana na kuwa kitu kimoja. Hii unaipaka kwa brashi nyembamba kwenye mshono, nayo inajivuta ndani. Ya pili ni supaglu, kwa ajili ya shaba tu. Supaglu kwenye plastiki huacha ukungu mweupe, na huacha vidole viwili vimeshikana mpaka asubuhi, wakati wa kusalimiana.

Kalamu ya wino yenye mwili wa plastiki angavu, iliyokwisha. Usiitupe. Itakuwa kamba za mlingoti.

Mshumaa. Una kazi mbili: kuyeyusha kalamu hiyo, na kumulika umeme ukikatika. Umeme hukatika wakati gundi bado ni mbichi. Hili halihitaji utafiti.

Petroli isikaribie meza. Kijana yeyote wa bodaboda aliyewahi kumwagia petroli kipande cha povu jeupe la kufungia televisheni anajua kilichotokea. Destroya yako ni ya jamii hiyohiyo ya plastiki.

Hatua ya tano: Unganisha mwili

Usivunje vipande kwa mkono. Kata kwa wembe, mbali kidogo na kipande, kisha punguza kile kikonyo kilichobaki, kisha msasa. Anza na mwili: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, bamba la chini. Bana kwa mipira ya hela, ile inayofunga noti, uache usiku kucha. Halafu sitaha. Halafu dohani na daraja. Mizinga mikubwa, ile yenye nyumba zake, usiigandishe bado. Ipake rangi pembeni kwanza. Watu wote hukaidi ushauri huu mara ya kwanza, nao hugundua kwamba brashi haipiti chini ya mtutu.

Fuata karatasi ya maelekezo, ila usiiamini. Mchoraji wake aliamini kwamba una mikono minne. Akisema "A12 na B7 pamoja na C3", anza na inayokubali.

Hatua ya sita: Mizinga midogo, na kuku

Sasa tunafika kwenye Oerlikon. Huu ni mzinga wa milimita 20 wa kupigia ndege, na destroya ilibeba kadhaa kando ya dohani na nyuma. Mzinga halisi ulikuwa na urefu wa mita mbili na ushei. Katika 1:700 unakuwa milimita 3. Umeshikwa kwenye fremu kwa uzi wa plastiki usioonekana vizuri.

Utaukata. Hauko juu ya meza. Utaushika kwa kibano, utaugeuza taratibu, kibano kitabana kidogo zaidi ya kawaida, utasikia "tik," na mzinga utakuwa umehama. Usipige kelele. Usisogeze kiti. Piga magoti, weka tochi sakafuni ilale kabisa, mwanga wake usambae chini, na kila kitu kidogo kitatoa kivuli kirefu. Hapo ndipo utauona, karibu na mlango, na hapo ndipo kuku naye atauona.

Kuku wa kienyeji hana shaka. Hatazami mara mbili. Akikuta kitu cha kijivu cha milimita 3 sakafuni, kimekwenda. Kwa hiyo jambo la kwanza kwa mhunzi wa manowari wa Nyakunguru ni kufunga mlango. La pili ni kukubali kwamba meli nyingi zilipoteza mizinga vitani na zikaendelea kufanya kazi. Akiuliza mtu mbona upande wa kushoto una mizinga pungufu, sema ilipigwa. Si uongo.

Hatua ya saba: Kamba

Hapa kalamu iliyokwisha wino inaingia. Toa mrija wa wino. Shika mwili wa kalamu kwa mikono miwili juu ya mwali wa mshumaa, si ndani yake, ukiuzungusha polepole. Katikati patalainika na kuanza kuning'inia. Utoe kwenye moto, hesabu moja, kisha vuta mikono yako kando kwa mwendo mmoja usiokatika. Utapata uzi wa plastiki mwembamba kuliko unywele, mrefu hadi mikono yako inapoishia. Ukivuta haraka unakuwa mwembamba. Ukivuta taratibu unakuwa mnene. Kata, gandisha ncha moja kwenye mlingoti, nyingine kwenye tezi, yaani nyuma ya meli. Ukilegea, sogeza kijiti cha ubani kinachofuka karibu yake bila kuugusa, nao utajivuta wenyewe na kunyooka.

Harufu itaenea nyumba nzima. Familia itauliza nani anachoma plastiki. Hapo huna utetezi.

Hatua ya nane: Rangi

Tumia rangi za maji za sanaa. Rangi ya kucha usiitumie, hata ukipewa bure, kwani viyeyusho vyake huilamba plastiki na kuiacha na mikunjo. Msingi ni kijivu, lakini kijivu cha manowari si kimoja, na hapa ndipo utakapokutana na upuuzi mtukufu wa majemadari.

Mwaka 1914 John Graham Kerr, mtaalamu wa wanyama wa Glasgow, alimwandikia Churchill akishauri meli zipakwe kwa kanuni zilezile zinazovunja umbo la pundamilia na twiga zisionekane kirahisi. Barua ya kupendeza kweli. Mtu wa Mugumu, anayekutana na pundamilia kwenye shamba lake la mahindi, angemwambia bure kwamba pundamilia anaonekana vizuri kabisa, hasa anapokula. Miaka mitatu baadaye mchoraji Norman Wilkinson akaja na wazo lililo jirani na hilo: meli zipakwe mistari na pembe kali, si ili zijifiche, bali ili kamanda wa nyambizi akosee kukadiria inaelekea wapi na kwa kasi gani. Katika Vita vya Pili, Louis Mountbatten, akiongoza kikosi cha destroya, aliamuru zipakwe kijivu chenye waridi, kwa imani kwamba rangi hiyo hupotea alfajiri na machweo. Ukiipaka hiyo, usimweleze mzee wa ukoo. Ana mashaka ya kutosha.

Baada ya rangi, meli lazima ichoke. Meli mpya ni ya dukani. Meli ya vita ina kutu na masizi. Nje ya nchi watu hununua unga maalumu wa rangi kwa bei ya mbuzi. Wewe una kila kitu. Kutu: chukua udongo mwekundu wa nje, upepete kwa kitambaa mpaka ubaki unga laini, uchanganye na maji na tone la sabuni, upitishe kwa brashi kavu chini ya nanga na kwenye mishono, ukivuta kwenda chini kama maji yanavyotiririka. Masizi: kwangua chini ya sufuria ya kuni, paka kwa kidole juu ya dohani, kidogo. Mwisho, pitisha vanishi isiyong'aa ili vumbi la barabara lisijiunge na jeshi la majini.

Mambo yakiharibika

Yataharibika. Mtoto atakanyaga omo, yaani mbele ya meli, au ndugu atakalia tezi. Usitupe kilichobaki. Oktoba 1916 destroya ya Uingereza iliyotangulia kubeba jina la Nubian ilipigwa topido ikapoteza omo. Mwezi uliofuata mwenzake Zulu ikagonga bomu la majini ikapoteza tezi. Mafundi wa Chatham wakakata, wakachukua omo ya Zulu na tezi ya Nubian, wakaziunga, na mwaka 1917 ikatoka meli moja. Wakaiita Zubian, bila aibu yoyote. Kila fundi wa gereji bubu anaijua kazi hii: magari mawili yaliyogongwa, moja mbele jingine nyuma, hutoa moja linalopita barabarani usiku.

Na kama umekata tamaa kabisa, kumbuka Goetzen. Julai 1916 Wajerumani walipoona hawana budi kuiacha Kigoma, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wakaipaka mitambo yake grisi nzito ili isioze. Ilipandishwa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa hiyo ukiitupa destroya yako kabatini kwa hasira, itupe vizuri. Huenda ukaitaka.

Wanaotaka bahari ya kuiweka wanaweza kutengeneza ya karatasi iliyokunjwa na gundi nyeupe. Asiyeweza mawimbi aunde mwamba. Mkoa wetu una mfano wake: mwishoni mwa 1914 meli ya Waingereza ya Ziwa Victoria, Sybil, iligonga mwamba karibu na Majita ikakwama, na haikuondolewa hadi mwaka uliofuata. Jiwe la Majita na meli iliyoinama ni rahisi kuliko bahari, na ni la kwetu.

Hatua ya mwisho: Meli isiyo na boksi

Sasa Petard. Ni destroya ya Uingereza, mita 105, sentimita 15 katika 1:700. Ukiimaliza, kazi bado haijaisha, kwa sababu Petard haifai kukaa peke yake kabatini.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za askari uliondoka Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo. Moja iliitwa Khedive Ismail, meli ya abiria ya tani 7,513 iliyoundwa Scotland mwaka 1922. Ndani yake mlikuwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, vijana wa kwetu waliokuwa wanapelekwa kwenye vita vya Mwingereza na Mjapani. Walikuwamo pia wauguzi. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, msafara ukilindwa na manowari Hawkins na destroya mbili, Petard na Paladin, nyambizi ya Kijapani I-27 ilifyatua topido. Mbili ziliipata Khedive Ismail. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Watu 1,297 walikufa. Waliookoka ni 214.

Nyambizi ilijificha chini ya maji waliyokuwa wanaogelea waliosalia. Destroya zikadondosha mabomu ya majini hapohapo. Ilipoibuka, Paladin ilikwenda kuigonga ikapasuliwa ubavu, na Petard ikaimaliza kwa topido.

Khedive Ismail sijapata kuiona katika orodha ya duka lolote. Destroya zinauzwa, meli iliyobeba watu wetu utaichonga mwenyewe. Chukua mbao laini ya sentimita 18, uichonge mwili. Sitaha zitoke kwenye kadi za plastiki zinazoshikilia laini za simu. Meza yako ina nyingi kuliko namba unazozikumbuka. Dohani itoke kwenye mrija wa kalamu. Iweke pembeni ya Petard. Kisha fanya hesabu moja ambayo haimo kwenye karatasi ya maelekezo. Mtu wa mita 1.7 katika 1:700 ana milimita 2.4, theluthi ya punje ya mchele. Hao 1,297 ukiwalaza mmoja baada ya mwingine, kichwa kwa miguu, mstari utavuka mita 3, ukuta hadi ukuta wa sebule nyingi za hapa. Mwunda vimeli yeyote atakuambia mizinga ya Petard ilikuwa mingapi na ya milimita ngapi. Mstari huu ndio utakaomweleza mgeni kwa nini meli ile iko kabatini kwako.

Maswali utakayoulizwa

*Inaelea?* Ile ya Kijapani iliyokatwa kwenye mstari wa maji haielei. Ukiijaribu mtoni itazama haraka, na mamba hatoi risiti.

*Unauza bei gani?* Usitaje bei. Ukitaja, atakuambia kwa pesa hiyo angepata mbuzi, na atakuwa amesema kweli.

*Mtoto anaweza kuishika?* Anaweza kuitazama, akiwa ameshikwa mikono yote miwili na mama yake.

*Waingereza waliziita meli zao Zulu, Ashanti, Somali. Mbona hakuna Kuria?* Swali hili litatoka kwa mzee, na linastahili jibu. Wakurya waliingia King's African Rifles kwa wingi, wakapigana, na waliorudi walirudi na makoti na hadithi. Jina kwenye meli hawakupewa. Walipewa nafasi ya kupanda meli za wengine.

Hilo linatengenezeka, na gharama yake ni ndogo. Chukua boksi lolote la Fletcher, zilikuwa 175 na hakuna atakayeikosa moja. Paka kijivu, acha tezi iwe safi. Chovya ncha ya stiki ya meno kwenye rangi nyeupe, zuia pumzi, andika KURIA kwa herufi za milimita moja. Atakayesema meli hiyo haikuwahi kuwepo mwambie athibitishe. Waingereza walishaondoka, na mwenyekiti wa kijiji hana kioo cha kukuzia.